Nyuzi Zinapobana Mno

Ukimwondoa Mwalimu Hatakeyama mwenyewe, Fumie ndiye aliyekaa muda mrefu kuliko wote katika maabara yetu hapa Osaka. Alichunguza jinsi seli yenye njaa inavyojila: inajiundia kifuko, inameza takataka zake, inazisaga, inaishi. Jicho lake lilikuwa pahali pamoja tu, pale mitokondria, vinu vya nguvu vya seli, vinaposogeleana na utando mkubwa wa ndani na kushikizwa kwa nyuzi za protini. Aliamini hapo ndipo seli huamua kujila au kungoja.

Kisha akaja Chigusa kutoka Sendai. Hakumaliza hata msimu, akapiga picha safi ya pahali hapo ambayo hatukuwa tumepata kuona mfano wake. Mwalimu akaibandika mlangoni.

"Umeiona picha ya mdogo wako wa kazini?" nilimuuliza Fumie.

"Nina macho."

"Inapendeza."

"Hata kinyago hupendeza."

Tangu hapo Chigusa akicheka na Mwalimu, Fumie hubamiza mlango wa jokofu. Mchana alikula tonge lake la wali dirishani, katupa mgongo.

Chigusa akaziongeza zile nyuzi ili mitokondria na utando vishikane zaidi. Alitaraji vifuko viongezeke. Vikapungua hadi karibu kutoweka. Akarudia, yakawa yale yale. Akamwendea Fumie.

"Dada Fumie, nimekosea wapi?"

Fumie aliitazama picha, akaelewa papo hapo. Yeye alikuwa amezikata nyuzi hizo hizo, na vifuko vikazagaa seli nzima. Hakuwa amemwonyesha mtu. Nyuzi zikibana mno, seli haijili. Zikilegea, inaanza kula. Kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu.

"Seli zako zimechafuka," akasema. "Zitupe, uanze upya."

Chigusa akainama, akashukuru, akazimwagia dawa ya kuziua. Fumie alimtazama akimwaga, na moyo wake ukatulia kama mtu aliyekunwa panapowasha.

Jumatatu, kikaoni, Chigusa alisimama akasema matokeo yake yalikuwa makosa, nyuzi haziwezi kuizuia seli isijile.

"Basi wazo hilo tuliache," akasema Mwalimu. "Tusipoteze muda wa mtu mwingine."

Fumie akaona kazi yake nayo inafukiwa.

"Si makosa," akasema. "Ninazo picha za upande wa pili."

Akazionyesha.

"Umezikalia tangu lini?" Mwalimu akauliza.

"Kabla huyu hajaja."

Chigusa alimgeukia polepole. "Na bado ukaniambia nitupe zangu."

"Nilikuambia."

"Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu zilikuwa nzuri."

Chigusa aliotesha seli nyingine, zikajibu vile vile. Waliandika makala pamoja, wakiongea kwa barua pepe ingawa meza zao zilitazamana. Mwalimu akaamua jina la Chigusa litangulie, na Fumie hakubisha.

Makala ilipotoka tulikata keki. Fumie aliinama mbele ya Chigusa, akampongeza kwa maneno yote yanayostahili. Kisha akasema anakwenda kunawa mikono, na maji ya bomba tuliyasikia yakimwagika kwa muda mrefu sana.