Kiyoyozi cha Wifi

Safari ya kwanza ya wifi yake Mkunga ilidumu saa tatu na ushei, na kati ya hizo, saa nzima ilipotea wakimtafutia miwani.

Mkunga alikuwa amestaafu mwezi uliotangulia. Mumewe, fundi umeme wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Waya, alikuwa na trela ya kulala aliyoinunua ikiwa gofu, akaikarabati miaka miwili mpaka ikang'aa. Mbele palikuwa na makochi mawili, katikati jiko na meza, na nyuma kabisa, nyuma ya mlango mwembamba, chumba cha kulala. Kiyoyozi kilikuwa kimoja tu, juu ya paa la mbele. Kwa majaribio, kabla ya safari ndefu ya kwenda kwenye maporomoko ya maji, waliikokota trela hadi uwanja wa mapumziko pembezoni mwa mji, wakaichomeka umeme, wakamlaza wifi chumba cha nyuma apumzike kabla ya chakula cha mchana.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa Mzee Waya. Alifundisha jiografia miaka thelathini na mbili, na hata waliomsahau jina walimwita Mwalimu. Miaka tisa iliyopita alipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Penye ubaridi alitembea kwa mkongojo, taratibu, akipiga soga. Joto likipanda, nguvu za miguu zilimwishia, akawa wa kubebwa.

Na chumba cha nyuma kilikuwa tanuri. Ubaridi wa mbele uliishia jikoni. Mkunga alipoingia kumwamsha, alimkuta amelowa jasho, macho makavu, anacheka.

"Wifi yangu," alisema Mwalimu, "miguu imeenda likizo bila kuniaga."

Walimtoa wakimshika kwapani, huku na huku, kama watu wanaohamisha kabati. Ndani ya gari, kiyoyozi cha gari kikimpuliza usoni, Mwalimu alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri: "Nendeni wenyewe. Yale maporomoko nitayaona kwenye picha. Nimeyafundisha miaka yote kwa picha, na hayakunikasirikia."

Maneno hayo yalimchoma Mkunga kuliko jua la siku ile. Alipokuwa anasomea ukunga, watoto wake wawili wangali wadogo, ni wifi huyu aliyewalea, akawaogesha, akawafundisha kusoma, na hakuna hata siku moja aliyomkumbusha. Kuna fadhila hazilipiki. Lakini kumwambia mtu wa namna hiyo akatazame picha, hapana.

"Mzee," alimwambia mumewe asubuhi iliyofuata, kabla hata chai haijapoa, "Mwalimu haendi popote bila chumba chake kupoa. Na sisi hatuendi popote bila Mwalimu. Sasa sema tunafanyaje."

Mzee Waya alikuna kidevu. "Pale juu ya kitanda chake kuna tundu la hewa, lile la mraba lenye kifuniko cha plastiki. Nililipima zamani. Kiyoyozi cha pili kinaingia palepale, bila kukata bati hata kidogo."

"Basi tukiweke."

"Nani apande?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Goti la Mzee Waya lilikuwa limefanyiwa upasuaji miezi mitano nyuma, na aliyempiga marufuku kukanyaga ngazi alikuwa mkewe mwenyewe, tena mbele ya daktari.

"Mtaka cha mvunguni huinama," alisema Mkunga. "Mtaka cha paani hupanda. Nipe spana."

"Wewe? Una miaka sitini na moja!"

"Na magoti yote mawili."

Kiyoyozi kilipofika, kikiwa ndani ya boksi kubwa kuliko mlango wa trela, Mkunga alivaa suruali ya mumewe, akafunga kitambaa kichwani, akapanda. Mzee Waya alisimama chini akishika ngazi kwa mikono miwili kana kwamba ngazi ndiyo iliyotaka kukimbia.

"Kanyaga penye mbao! Usikanyage katikati!"

"Nimesikia."

"Unaona nini huko?"

"Naona nywele zako zimekwisha utosini. Miaka yote hii ulikuwa unanificha."

Alibandua gundi kuukuu kwa kisu butu, akang'oa kifuniko, akapitisha vidole ukingoni mwa tundu. Vidole hivyo vilikuwa vimepapasa matumbo ya maelfu ya mama na kujua mtoto amelala vipi, na sasa vilijua jambo jingine. Plaiwudi ya upande wa kulia ilibonyea kama mkate uliotiwa kwenye chai.

"Mzee, hapa pameoza. Maji yalikuwa yanaingia."

"Kidogo?"

"Kiganja kizima."

"Tupake silikoni, tuweke, itashika."

Mkunga alichungulia kutoka paani. "Kile kitu kina kilo arobaini na tano. Chini yake atalala dada yako. Utamtundikia kichwani kwa matumaini?"

Mzee Waya aliirudisha silikoni mfukoni. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mpumbavu.

Wakamwita jirani mchomeleaji vyuma, mtu mkimya waliyemwita Cheche. Alipanda, akagongagonga, akashuka, akasema neno moja: "Fremu." Akaondoka. Baada ya siku mbili alirudi na fremu ya alumini iliyolala juu ya mbao mbili nzima za paa, ikabeba uzito wote bila kuuachia plaiwudi. Mkunga na mumewe walikuwa wamekwisha kukata sehemu iliyooza na kuweka mbao mpya. Walipopima kwa rula, fremu ilikaa kama soli na kiatu.

Siku ya kunyanyua, mtaa ulijaa. Cheche alisimamisha miguu mitatu ya chuma yenye kapi na mnyororo. Kila aliyepita alikuwa na shauri la kutoa, na aliyekuwa hajui lolote alikuwa nayo mawili. Mwalimu aliletwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akawekwa barazani kwenye kivuli, feni miguuni, na mara akawa amiri wa jeshi.

"Kushoto! Kushoto kwenu, si kwangu! Mashariki, jamani, mashariki! Nani hapa alisoma kwangu?"

Mwanamume mmoja mwenye ndevu za mvi aliinua mkono kwa haya.

"Basi onyesha mashariki!"

Akaonyesha magharibi. Watu walicheka hadi Cheche akalazimika kuusimamisha mnyororo mpaka naye amalize kucheka.

Kiyoyozi kilipokuwa kinaning'inia dhiraa moja juu ya paa, Mkunga aliinama kuhakikisha mpira wa sponji umekaa sawa kuzunguka tundu. Chini yake, ndani ya chumba, mumewe alikuwa ameinua uso kungoja boliti. Wakatazamana kupitia tundu lile la mraba, yeye juu, mumewe chini, uso umejaa vumbi la mbao. Miaka thelathini na saba ya ndoa, na nusu ya usiku wake wote Mkunga aliukesha wodini. Alikuwa amesahau kwamba mtu huyu akifurahi, masikio yake husogea.

"Mbona unacheka?" aliuliza Mzee Waya.

"Shika boliti zako."

Kiyoyozi kikashuka taratibu. Mumewe alikaza kutoka ndani, kona kwa kona, na Mkunga aliweka kiganja chini ya ukingo, akisikiliza mpira ukinywea.

"Kona ya mlangoni, nusu mzunguko. Ya dirishani, acha. Acha, nimesema! Sasa ya kwanza tena. Kidogo… kidogo… basi."

"Umejuaje?"

"Mpira umebaki nusu. Ukiukaza zaidi utakufa, ukiuacha utavuja."

Kazi ya umeme ilikuwa ya Mzee Waya, na hapo hakutaka mtu amguse. Alitwaa waya wa kiyoyozi kipya, akauunga na ule wa zamani ili kuokoa muda, akafunga kila kitu, akaita watu. Cheche akaja, majirani wakaja. Akawasha cha mbele, kikanguruma. Akainua kidole kama mtu anayetaka kuhutubia, akawasha cha nyuma.

Tap! Kimya. Breka ilikata umeme, taa zote zikafa. Hata friji ilikata roho.

Akajaribu tena. Tap!

"Nilidhani umeme wa gari na wa nyumba ni ndugu," alisema mtu nyuma, na Mzee Waya akaingia ndani asitoke mpaka watu wamekwenda zao. Mkunga alimkuta kaketi kwenye kochi, bisibisi mkononi, anatazama sakafu.

"Miaka arobaini nashika waya," alisema. "Nimefanya kosa la mtu wa wiki ya kwanza. Viwili kwenye breka moja! Nilikuwa na haraka ya kusifiwa."

Mkunga aliketi kando yake. Wodini alikuwa amejifunza kwamba kuna mtu wa kuambiwa maneno, na kuna wa kuletewa maji ya kunywa. Akamletea maji.

Kesho yake Mzee Waya alianza upya. Alivuta waya mnene mwingine, wa kiyoyozi cha nyuma tu, kutoka kwenye boksi la breka hadi nyuma, akaupa breka yake. Kisha akafunga vifaa viwili vidogo, kimoja kwa kila kiyoyozi, vya kukiamsha polepole, kisimeze umeme wote kwa pupa kinapoanza. Mwisho akabandika karatasi ukutani kwa mwandiko wake mbaya: *Umeme ukiwa mdogo, poza nyuma kwanza. Mbele kusubiri.* Safari hii hakuita mtu.

Aliwasha cha mbele, akahesabu pumzi kumi, akawasha cha nyuma. Kikavuta pumzi, kikaguna, kikaendelea. Viwili vikavuma pamoja, sauti moja nene na nyingine nyembamba. Masikio ya Mzee Waya yalisogea.

Jaribio lenyewe walilifanya saa nane mchana, siku ambayo mbwa walikuwa wamelala chini ya magari wakihema. Mwalimu aliingia kwa kiti, akalazwa kitandani, mlango ukafungwa. Mkunga akaketi naye, kipimajoto mkononi. Kilianza thelathini na tano. Baada ya nusu saa kikawa ishirini na saba. Baada ya saa nzima, ishirini na mbili.

"Dada, unajisikiaje?" Mzee Waya aliuliza kupitia mlango.

Mkunga alikuwa anamtazama wifi yake, na wifi yake alikuwa anatazama vidole vya miguu, anavikunja na kuvikunjua, kimoja kimoja, kama anayehesabu. Kisha akaketi. Akashusha miguu sakafuni. Akanyoosha mkono apewe mkongojo.

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alifungua mlango mwenyewe, akapita jikoni akigusa meza, akasimama mbele ya mdogo wake.

"Mdogo wangu," alisema, "mnataka kunigandisha? Nipeni shali."

Mzee Waya aligeukia kabati kutafuta shali. Mkunga akapiga kigelegele, kirefu, kile ambacho kazini hakuruhusiwa kukipiga. Kilimfikia Cheche karakanani kwake, akaja mbio na nyundo, akidhani kumeharibika kitu.

Waliondoka Jumatatu iliyofuata. Walisafiri asubuhi, jua likiwa bado changa, na kila mchana walisimama mahali penye umeme, Mwalimu akaingia chumbani kwake akalala fofofo, akatoka jioni amepiga poda na ana habari za kusimulia. Siku ya tatu, kabla ya saa tatu asubuhi, walisikia maporomoko kabla hawajayaona.

Njia ya kuelekea ukingoni ilikuwa ya mbao na vyuma, na manyunyu ya maji yalikuwa yameipoza kama ndani ya jokofu. Mwalimu alikataa kiti. Alikwenda kwa mkongojo, mkono mwingine ameupitisha kwenye mkono wa Mkunga, mpaka penye kizuizi cha mwisho. Maji yalikuwa yanaanguka meupe, ukuta mzima, na ardhi ilitetemeka chini ya viatu. Alisimama. Matone yalimjaa kwenye miwani, naye hakuyafuta.

"Wifi," alipiga kelele juu ya ngurumo ya maji, "picha zilikuwa zinanidanganya!"

"Zilikudanganya nini?"

"Hazina upepo! Mimi niliwaambia watoto habari za mwamba na urefu na kiasi cha maji. Sikuwaambia kwamba yanakusukuma kifuani!"

Akageuka kwa mgeni aliyesimama kando, mtu asiyemjua kabisa, akamwuliza kama anajua kwa nini mwamba wa juu hauliki upesi kama wa chini. Yule hakujua. Mwalimu akamweleza kwa mikono, kwa mkongojo, kwa sauti yote, na watu wengine wakasogea, mpaka kikawa darasa. Mzee Waya aliketi kwenye benchi, goti amelinyoosha, akatazama dada yake akifundisha kwa miguu yake mwenyewe.

Walikuwa wamepanga kukaa siku mbili. Walikaa sita.