Marashi Yaliyotoka Barafuni

Alhamisi ile jua la Februari lilikuwa kali, hata kuku wa mtaa wetu wa Shella walikuwa wamejificha uvunguni. Na mimi nimekaa barazani natetemeka. Joto lote lile na miguu yangu baridi kama ya maiti. Ngoja nikueleze kwa nini, maana nikianzia kati utapotea.

Mjukuu wangu Rufaida ana duka la marashi Mtwapa. Si marashi ya mafuta yale ya wazee wetu, ni haya ya kupuliza, yanatoka ng'ambo kwa meli. Alikuwa aolewe Ijumaa hapa nyumbani kwetu Malindi, basi akaweka katoni moja, chupa thelathini na sita, awagawie wanawake siku ya hina. Hina ndiyo hiyo Alhamisi. Katoni akataka itangulie. Jumatatu akanipigia simu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mchumba wangu. Umebadili nia, wanirudia mimi?"

"Umechelewa, babu, na meno huna. Nisikilize. Hayo marashi yamekaa bandarini siku kumi na mbili kwenye kontena la chuma, juani. Sitaki yapate joto tena. Yasikae juani, yasikae karibu na moto. Ile ni spiriti tupu, si udi. Ikivuja, mvuke wake unashika moto kabla hujauona. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Haya rudia."

"Baridi. Giza. Mbali na moto."

Nilirudia kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kumbe kurudia ni kitu kingine na kushika ni kitu kingine.

Kuna kijana mmoja dereva, Mwaringa, apeleka samaki Mtwapa ndani ya barafu kisha arudi gari tupu. Nikamwambia nichukulie katoni ya bibi harusi, na mzigo huo wataka baridi. Sasa Mwaringa ni mtu wa kutii, akiambiwa baridi ni baridi. Akaifukia kwenye barafu iliyobaki. Jumanne asubuhi huyu hapa mlangoni, acheka.

"Mzee Badi, nimekuletea marashi mabichi kama samaki kolekole!"

Nikafungua katoni. Chupa zimetoka jasho, na ndani marashi yamekuwa na ukungu, meupe meupe kama maji ya kuoshea mchele. Nikatikisa moja, ukungu uko pale pale. Nikasema basi, nimeyaua marashi ya mtoto. Maana gari la samaki nani alilitafuta? Ni mimi.

Sasa sikiliza kosa langu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kichupa cha mafuta ya udi. Miezi ya baridi, kusi likivuma, mafuta yaganda, hayamwagiki. Yeye alikuwa akikiweka kichupa dirishani juani, mafuta yayeyuka na harufu yarudi vile vile. Watu wote wa huku ndivyo tufanyavyo. Marashi yakilala, yaamshwa kwa joto. Nami nikasema haya yamelala. Maneno ya Rufaida niliyakumbuka, siwezi kukudanganya. Niliuambia moyo wangu, joto kidogo tu, yakishaamka nayatoa.

Nyuma ya jiko letu tuna chumba cha stoo, mabati yake ya paa yako chini, saa sita mchana huwezi kuyagusa. Nikaipandisha katoni juu ya rafu, karibu na bati kabisa. Dirisha nikalifunga, paka asiingie akaziangusha. Nikasema kesho asubuhi naitoa.

Kesho yake wakaja watu wa hema, wakaja wageni kutoka Mambrui, wakaja watu wa sufuria, na Rufaida mwenyewe akafika, nyumba ikajaa vigelegele. Nikasahau. Katoni ililala kwenye tanuri lile Jumanne, Jumatano, mpaka Alhamisi adhuhuri ndipo nikakumbuka, na mimi katikati ya swala.

Nikaenda stoo polepole. Kufungua mlango, macho yakaniwasha, machozi tiririka. Harufu sikuisikia. Tangu ile korona inipige, pua yangu imekufa, hata samaki aliyeoza simjui. Nikapanda kigoda, nikaangalia. Katoni imelowa chini yote. Chupa moja imepasuka shingo, nyingine imepasuka ubavuni, nyingine vifuniko vimesukumwa juu vyavuja taratibu. Kioo kimetoka barafuni kikaingia tanurini, ulitaka kifanye nini?

Hapo ningeita watu. Ningefungua dirisha. Unajua nilifanya nini? Nilitoka nikaufunga mlango vizuri, harufu isitoke watu wakajua. Aibu, bwana. Mtu mzima na mvi zake, aogopa kugombezwa na mjukuu. Nikaenda kukaa barazani nitafute maneno ya kumwambia.

Ndipo nilipokuwa natetemeka. Na ndipo nikamsikia mke wangu, Bi Fatu, aita huko ndani.

"Rufaida! Njoo, mke mwenzangu, chetezo kishakolea. Chukua nguo zako tukazifukize."

"Tufukizie wapi, bibi?"

"Stoo. Hakuna upepo, moshi utatulia kwenye nguo. Tenga la kufukizia liko huko huko. Tangulia na chetezo, mimi nabeba nguo."

Ewe Mola wangu! Mimi najua jinsi wanavyofukiza. Mlango wafungwa, dirisha lafungwa, chetezo cha makaa chawekwa chini ya tenga, nguo juu. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Sikuwahi kuliogopa tenga maishani mwangu.

Nikainuka. Nikashika ukuta. Nataka kupiga kelele "Simama!" na yatoka sauti kama ya mbuzi. Ukumbi ule nimeupita miaka arobaini, siku ile ulikuwa mrefu kama njia ya kwenda mto Sabaki. Nawapita wageni, mmoja asema, "Mzee Badi, watafuta pilau mapema?" wengine wacheka. Simwoni hata aliyesema.

Nilipotokea nyuma, Rufaida yuko mbele ya mlango wa stoo. Mkono wa kushoto chetezo, makaa mekundu, moshi wa udi wampanda usoni. Mkono wa kulia uko kwenye komeo.

Akaniona. Akacheka. "Babu, wakimbia hivyo waja kuniteka nisiolewe?"

Na huku avuta komeo.

Nilikishika chetezo kwa mikono miwili, chungu chenyewe kile cha moto, nikamnyang'anya, nikakimbia nacho mpaka kwenye pipa la maji uani, nikakitumbukiza. Kikalia tsss. Mikono yangu wakati ule sikuisikia hata kidogo.

Nilipogeuka, mlango ulikuwa umefunguka kiasi cha kiganja. Rufaida amesimama palepale. Pua yake ilimwambia yote. Uso wake ukawa wa majivu.

"Babu," akasema polepole, "umeyaweka humu?"

Kabla sijajibu akapiga ukelele. "Jiko! Bibi, zima jiko!"

Nikasema tumekwisha. Jiko liko mlango wa pili, na pilau iko motoni. Nikaukumbuka ule mvuke usioonekana, nikauona kwa akili watambaa chini kwa chini kama nyoka, waelekea kwenye kuni. Bi Fatu alitupa nguo, akashika ndoo, akamwaga maji yote motoni, majivu yakaruka mpaka darini. Hakuuliza kwa nini. Nusu karne nimekaa na mwanamke yule, siku ile ndipo nilipomjua.

"Nje wote! Taa msiguse!" Rufaida awasukuma wageni. Wanawake wa Mambrui na hina mbichi mikononi, wakatoka mpaka njiani wamenyoosha vidole.

Nikamwambia, dirisha nitafungua mimi.

"Wewe husikii harufu, babu. Utazidiwa na hutajua."

"Basi asiingie mtu."

"Likibaki limefungwa, mvuke utakaa humo mpaka lini?"

Akalowesha leso, akajifunga usoni, akaingia. Bibi harusi wa kesho. Mimi nimesimama uani na mikono imeanza kuniwaka, naangalia lile dirisha la mbao. Halifunguki. Nikasoma nilichojua, nikachanganya sura hii na ile. Halifunguki. Nikamwambia Mungu, kama ni kosa ni langu, niadhibu mimi, huyu umwache.

Dirisha likabamiza ukuta. Mkono wake ukatokea, kisha yeye mwenyewe kwa mlango, akohoa, amekumbatia ile katoni yadondosha. Akaiweka uani kivulini, mbali. Akaketi chini, akanitazama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Waniogopa mimi, babu?"

Akaishika mikono yangu, akaona malengelenge, akalia. Mimi pia nikalia, sikwambii uongo.

Zilipona chupa kumi na tisa. Alasiri akapuliza moja kwenye kiganja, akanusa, akatikisa kichwa. "Ile harufu ya ndimu ya mwanzo imeondoka. Kimebaki kitu kama siki." Hakuwagawia watu. Watu walikula mkate na tende, maana moto hakuna aliyethubutu kuwasha mpaka Rufaida aseme.

Nguo zake zilifukizwa Ijumaa asubuhi, uani, upepo wapiga. Moshi wote ukaenda kwa majirani. Bi Fatu anung'unika kwamba udi wapotea bure. Mimi nimesimama karibu na tenga, mikono imefungwa vitambaa, nimekumbatia ndoo ya maji.

"Babu, sogea, utanilowesha."

"Sisogei. Wasikia harufu gani?"

"Udi."

"Udi peke yake?"

"Peke yake, babu. Iweke hiyo ndoo."

Ndoo sikuiweka.