Fisi wa Nyuma ya Pensão

Ancha alikuwa mtu mpole. Majirani zake pale Palma, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, walisema hawajawahi kumsikia akipaza sauti. Ndiyo maana Suleimane, mlisha wanyama wa pensão, alishangaa alipomwona anainama kuokota jiwe.

Pensão hiyo ilikuwa nyumba ya wageni ya bwana Venâncio, mtu wa Beira. Watu waliporudi kutoka ukimbizini, alijenga vizimba uani akaweka nyani wawili, chatu, na fisi aliyenaswa porini upande wa Nhica. Kila Jumapili watu walijaa. Kwa nyani walicheka, kwa chatu walinyamaza. Kwa fisi walitema mate.

Ancha alikwenda kwa sababu binti yake Yasmin, mwenye miaka kumi na miwili, alimsumbua. Alipomwona fisi, aliinama akaokota jiwe. Miaka minne nyuma, siku mji uliposhambuliwa, yeye na mtoto na mumewe Amido walikimbia kwa miguu kuelekea Nhica. Amido alikuwa na risasi pajani. Siku ya pili hakuweza tena kusimama. Ancha alimwachia maji yaliyobaki, chini ya mkorosho, akamshika mtoto mkono wakaenda. Ndugu waliorudi kumtafuta wiki moja baadaye walikuta shati, mifupa michache, na nyayo za fisi.

Jiwe lilimpata mnyama mbavuni. Akajikunyata pembeni, akalia kwa sauti nyembamba. Ancha akasikia kifua chake kimekuwa chepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

"Huyu ndiye aliyemla baba yako," akamwambia Yasmin.

Tangu hapo hakukosa Jumapili. Wengine wakamwiga, nani pale hakuwa na mtu wake aliyebaki porini? Waliingia wakizungumza taratibu na kutoka wakihema, macho mekundu. Venâncio hakukataza, maana uwanja ulikuwa haupungui watu. Suleimane peke yake ndiye aliyekuwa akiwasihi, na hakusikilizwa. Siku moja akamvuta Ancha kando.

"Mama Yasmin, huyu aliletwa hapa mwaka jana, angali mtoto. Mwaka ule wa vita hakuwa amezaliwa."

"Najua," Ancha akasema.

Alijua tangu siku ya kwanza, alipoona udogo wake. Lakini wiki aliyokaa bila kurusha jiwe, sauti ya Amido ilimrudia, ikimwomba akae naye kidogo tu. Akirusha, sauti inatulia.

Jumapili moja Ancha alichelewa sokoni akimalizia samaki wake, Yasmin akatangulia na wenzake. Alipofika uani alipokewa na harufu ya manyoya yaliyoungua. Watoto walikuwa wakicheka. Yasmin alikuwa amechukua nondo kutoka kwenye moto wa jikoni, akamwita fisi kwa kichwa cha samaki, na fisi mwenye njaa aliposogea, akamchoma nayo jichoni. Yeye hakuwa akicheka. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayeosha vyombo.

Ancha akampokonya nondo.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Si alimla baba?"

"Siye. Huyu hakuwepo." Ancha akaitupa nondo chini. "Mimi nilimwacha baba yako akiwa hai."

Yasmin alimtazama bila kushtuka.

"Nakumbuka," akasema. "Alikuwa anakuita. Wewe hukugeuka."

Fisi alikufa Jumanne. Suleimane alimchimbia shimo nyuma ya vizimba, akamkabidhi Venâncio funguo, na kazi akaiacha. Venâncio akatuma watu Nhica wamtafutie mwingine.

Nyumbani Ancha alijaribu mara nyingi kukaa na mwanawe wazungumze. Yasmin aliteka maji, alifagia, alijibu aliloulizwa kuhusu shule, wala hakumkosea adabu hata mara moja. Ila hakumtazama usoni tena. Ancha akaenda mpaka kwa Suleimane kumwomba radhi. Naye alimpokea vizuri, akamkaribisha chai, akasema hajui radhi hiyo ampelekee nani.

Jumapili iliyofuata Yasmin alijifunga ushungi wake akaenda kusimama na wenzake mbele ya kizimba kitupu, wakimngoja mnyama mpya. Ancha alibaki barazani. Alikuwa amemwita alipokuwa akitoka; Yasmin hakugeuka.