Mungu Amekwama Juu

...na sasa amekwama, bila shaka amekwama, ananing'inia juu ya vichwa vyetu kwenye waya wa chuma, maskini Florent, mwigizaji mwenye ndevu za dhahabu za kubandika na makubazi yaliyomzidi miguu, alitakiwa ashuke kutoka mbinguni atoe hukumu juu ya mfalme, winchi ikagoma katikati ya safari, na sisi watu kumi na wawili wa kwaya ya parokia tumesimama chini yake kwa kanzu nyeusi na vinyago vya karatasi usoni, tumekatazwa hata kujikuna, "bakini mlivyo, tafadhali, bakini ndani ya huzuni," anasema Thibault, mwongozaji wa mchezo, kutoka kwenye viti vya giza, bakini ndani ya huzuni, kana kwamba huzuni ni kituo cha tramu... "Deux minutes!" anapaza sauti Freddy, fundi wa mitambo, huko darini, tumeshazisikia dakika mbili zake, na kinyago hiki kinanuka gundi, mdomo wake umekunjwa chini kwa kilio cha kudumu, ukikivaa huna haja ya kulia, kimeshakulilia, Wagiriki wa kale hawakuwa watu wa kujichosha... Naye Thibault, kwa kuwa hawezi kukaa kimya bila kufundisha mtu, anaanza tena, kwamba kwa Wagiriki hakuna mwenye kosa, miungu imepanga na binadamu anatimiza, "nyinyi mnalielewa hili kuliko sisi, kwenu majaaliwa bado ni kitu kilicho hai," kwetu, kwetu wapi, mimi ni mfamasia wa Etterbeek, hapa hapa Ubelgiji, nauza vidonge vya presha kwa maofisa wa Umoja wa Ulaya wanaodhani hawatakufa, na kama ni kule Lubumbashi, kule hakuna mtu anayekufa kwa majaaliwa, mtu akifa ndugu wanaulizana mwaka mzima ni nani aliyemla kwa uchawi, nao ni upuuzi, sikatai, lakini ni upuuzi wa watu wanaotaka kujibiwa... Thibault alitusikia tukiimba kwenye mazishi pale Koekelberg, akatokwa na machozi, akaona hawa ndio, hawa wanajua kuinamisha kichwa, ndiyo maana tuko hapa nyuma ya stesheni ya Gare du Midi, kwenye ghala walilolipaka rangi nyeusi wakaliita jumba la maigizo, tukimwimbia mfalme aliyetabiriwa kabla hajazaliwa kwamba atauzamisha mji wake, naye kwa akili zake akauhamishia mlimani, mbali na bahari, watu walipopata kiu akawachimbia kisima, kisima kikapasua mwamba, mwamba ulikuwa umezuia ziwa zima, wote chali, na huyo mungu anayeshuka sasa anakuja kusema nini, anakuja kusema nilikwambia, safari yote hiyo ya kamba na mawingu ya pamba kuja kusema nilikwambia. Lakini wanaonitia kichefuchefu zaidi ni sisi, kwaya, maana kwaya inajua, ndivyo ilivyoandikwa, ni wazee wa mji, wanajua tangu babu zao kwamba kuna maji chini ya ule mwamba, na mfalme akishika sururu wanafanya nini, wanapiga hatua tatu kulia, wanapiga hatua tatu kushoto, wanaimba kwamba miungu haipingiki, hakuna hata mmoja anayemkamata mkono, na mwishoni wao ndio wanaobaki wakavu...

Kesho pia, mazishini, nitakuwa kwaya, shangazi yangu Tantine Rolande ameshaamua, alinipigia asubuhi nikiwa dukani na mteja mbele yangu, sauti yake ile ya kutoa amri, "Mujinga," ndilo jina langu, si tusi, "sikia muzuri, kesho hapana bile bintu ya bajukulu, hapa si Lubumbashi, bazungu ya kazi yangu batakuwa pale, Padri atakuwa pale, Papa amekufa, Mungu amependa, donc tunasali, tunazika, tunakwenda kula, basi, weye utaimba na kwaya," nikasema ndiyo Tantine, Mungu amependa, huyo naye anapenda sana, kila kitanda cha hospitali amependa, na babu yangu Rigobert, huyo Papa wake, aliyekufa Jumanne akigombana na kipande cha mkate atashushwa shimoni kimya kimya, watu wakitazama viatu vyao, hakuna atakayemtania... maana ndivyo inavyokuwa kwetu, mzee akifa watoto wake wanalia na wajukuu wanacheka, ni kazi yao, nilimwona binamu yangu mkubwa wa kike nikiwa mdogo, alivaa suruali ya marehemu, akalala barabarani mbele ya jeneza, akawauliza wabebaji wanamwiba mume wake wanampeleka wapi, akaiga kikohozi chake, uchoyo wake, namna alivyokuwa akilala misani, mpaka wajane wenyewe wakacheka na kamasi puani, na ukilitazama lile jambo vizuri si marehemu aliyekuwa akichekwa pale, ni kifo, kilikuwa kinasimamishwa njiani kama mlevi na kuulizwa kinajiona nani... Na Babu alikuwa akiniita mke wake, "bibi yangu," alisema, pale dirishani kwake Koekelberg, koti limefungwa hadi kidevuni ndani ya nyumba yenye joto, akilitazama lile kuba la kijani la basilika, aliliita sufuria ya Mungu, eti tangu afike Ubelgiji limefunikwa, Mungu anapika tu hampakulii mtu, "bibi yangu, siku nitakufa, usinililie kama mugeni, bengine baache balie, weye utanicheka," nikamwambia nyamaza wewe mzee, unywe dawa zako, na koti lenyewe liko kwangu, nimelitundika nyuma ya mlango, nalipita ubavu ubavu tangu Jumanne... Wajukuu wenzangu, Océane na Inès, hawajui, watoto wa hapa, watatoa simu wapige picha, mimi peke yangu ndiye ninayejua, na niliposema ndiyo Tantine, nilisema haraka mno, hilo ndilo linalonikera hapa ndani ya gundi, sikubisha hata neno moja, mimi ninayebishana na madaktari, nimemdharau Rolande siku nzima kwa sauti kubwa kichwani ili nisijisikie nikishusha pumzi, amenikataza nikafurahi, kwa sababu naogopa lile koti, nikilivaa mikono yangu itatokea pale ilipokuwa ikitokea mikono yake, nitajua hayumo...

"Thibault," anasema mungu kutoka juu, kwa sauti ndogo, "mkanda unanibana, siwezi kupumua vizuri, nishusheni jamani," na Thibault anamjibu avumilie kidogo, mwanga umemkaa vizuri hivyo alivyo, na kubazi moja linamvuka Florent mguuni, linaanguka, pah, mbele ya mfalme, hakuna anayesogea... siku ya kwanza kabisa Thibault alituambia jambo moja nikalipuuza pamoja na mengine, kwamba kwa Wagiriki hata miungu ilikuwa chini ya majaaliwa, hata mkubwa wao alitazama mwanawe akifa vitani asiweze kitu, nikajisemea basi kazi ya kuabudiwa ni ya nini, na sasa namwona huyu hapa, soksi moja ya kijivu imetoboka kidoleni, jasho linabandua ndevu, anaomba kushushwa, na juu yake nani, juu yake Freddy na bisibisi, na juu ya Freddy labda mwingine anayesema dakika mbili, kwa hiyo hakuna aliyependa, Tantine, hakuna aliyependa kitu chochote, wanatundikwa tu nao huko huko, na cheko linanipanda kutoka tumboni, nalibana, linatokea puani na maji, kinyago kinalowa kwa ndani, nje kinaendelea na kilio chake cha karatasi, na goti langu la kushoto linajikunja lenyewe, taratibu, chini ya kanzu, lile goti la Babu alilodai mara limeumwa na mamba, mara limepigwa teke na bosi wa reli, naliburuta nusu ya unyayo, nalirudisha, naburuta tena, ni yeye kabisa, anaelekea jikoni kutafuta bia aliyoificha kwenye buti... "Bakini ndani ya huzuni," anasema Thibault, "usisogee, wewe wa tatu," nami ndani ya kinyago nalijaribu neno la kesho, kwa sauti ambayo haimfikii hata aliyesimama ubavuni mwangu, munamupeleka wapi bwana yangu, munamupeleka wapi, na Freddy anapaza sauti kwamba bado dakika mbili.