Panda-Tena

Marubani wenzake walimbandika jina la Panda-Tena, kwa kuwa wiki ile alikaribia kutua mara mbili, na mara zote mbili akairudisha ndege juu. Mwenye ndege hakuona cha kuchekesha. Alimwambia mafuta hayachotwi kisimani, na akirudia tena, kiti chake kina mwingine.

Safari iliyofuata rubani huyo alimpakia mama yake, aliyekuwa akirudi kutoka hospitali. Mama alikaa mbele, na hakuacha kuuliza: sindano hii ya kipimo yasema nini, ile mbona yatetemeka? Bintiye akamjibu, kisha akamwonyesha mdudu aliyepondeka kiooni. Mwanzo wa uwanja, akasema, ukibaki pale pale alipo mdudu, ndipo tutakapofikia. Ukiteremka chini yake, tutapitiliza. Na kila kitu, mwendo na kimo, kiwe kimetulia kabla ya kulivuka lile tangi la maji karibu na uwanja. La sivyo napanda tena; hapo hakuna kubembelezana.

Mama akamkodolea mdudu macho kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Mara upepo ukageuka, ukawasukuma kwa nyuma, uwanja ukaanza kuteleza chini ya mdudu. Binti akainamisha pua ya ndege; mwendo ukazidi. Kule chini mwenye ndege alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Mama, aliyekwisha kusikia lile onyo lake, akaomba kimoyomoyo: Mola wangu, atue tu, kazi isimponyoke.

Tangi likapita chini yao.

"Napanda," binti akasema. Injini ikanguruma, ardhi ikawaacha.

Mama akashindwa kujizuia. "Kwani usingeweza kuiweka, mwanangu?"

"Labda ningeweza, mama. Nilipojisikia nasema labda, nikapanda."

Wakazunguka, wakaingia kwa upande wa pili, upepo ukiwa usoni. Magurudumu yakagusa chini taratibu.

Mwenye ndege akaja, akamwamkia mama na kumuuliza kama binti yake amemtia hofu.

"Hofu niliipata tulipokuwa tukishuka, baba," mama akasema. "Nilikuwa naomba atue kwa sababu yako wewe. Tulipopanda, nikatulia."

Yule bwana akajikuna shingo. Kisha akamwambia rubani kwamba mzigo wa kesho unaondoka alfajiri, asichelewe.

Mama alikuwa hajamaliza. Alitaka kujua: je, upepo ungegeuka tena, angefanyaje?

Binti akasema angepanda tena. Mwenye ndege alimsikia, akaenda kuagiza mafuta ya safari ya kesho.