Mzee wa Kofia ya Udongo

"Mzee wangu huota jua kutwa; akiona wingu tu, huvaa kofia. Nani huyo?"

Sang-deok aliwategea wanawe kitendawili hicho tangu hawajaota meno, na jibu lilikuwa limekaa pale pale uani: mtungi wa mchuzi wa soya aliourithi kwa mama yake. Kila mwaka waliongeza mchuzi mpya juu ya wa zamani, usikauke asilani. Jua likitoka, kifuniko huondolewa mchuzi upate joto. Wingu likitokea, mtu hukimbia kuufunika, na mtu huyo siku zote alikuwa Sang-deok.

Alikuwa fundi wa pampu za mashamba ya mpunga. Alirudi jioni na tope hadi magotini, lakini akisikia saa ya jirani inalia vibaya, hakai chini mpaka aifungue. Siku moja alilifungua hata jungu la umeme la mkewe, Bok-nyeo, ajue linatambuaje kwamba wali umeiva. Walikula tambi mpaka alipolirudisha sawa, wanawe wakicheka na baba yao akicheka kuwashinda.

Leo alikuwa ametimiza mwaka kaburini. Jioni wangemwandalia meza yake ya kumbukumbu, roho yake ije ile: nyama, mapeasi na supu ya figili, na supu hiyo haiungwi ila kwa mchuzi wa nyumbani.

Asubuhi Bok-nyeo aliufunua mtungi, akaenda sokoni na mke wa mwanawe, Mi-ran, kutafuta samaki mkavu. Mvua iliwakuta huko huko. Waliporudi, mtungi ulikuwa umejaa maji hadi mdomoni, na mchuzi umemwagikia mawe yote.

"Mama! Si nilidhani umefunika!"

"Na mimi nilidhani..." Bok-nyeo aliinama juu ya mtungi. Alidhani yupo yule wa kukimbia.

Alichovya kidole, akaonja. Maji matupu, kama chai ya msibani.

"Tununue wa dukani, basi," Mi-ran alisema kwa sauti ya chini.

"Wa dukani! Mtu aliyesusa supu ya harusi ya binamu yake kwa sababu hiyo hiyo? Atakaa mezani, aonje, aseme amekosea nyumba, aondoke zake. Na mimi nitamwita kwa kitu gani tena?"

Akaketi kwenye ngazi, viatu vikiwa vimelowa, asijue la kufanya.

Hapo ndipo binti yake, Eun-ha, alipoingia getini kutoka jijini Busan, amekumbatia kitu kilichofungwa kitambaa.

"Mama, kabla hata ya salamu, pokea mzigo wa baba. Mimi nimechoka! Jirani wa juu analalamika harufu, wa chini analalamika, hata paka wa ghorofa ya tatu kanihama."

"Mzigo gani?"

"Huu mchuzi wake! Hukujua? Kila vuli akija alikuwa na chupa mkobani, anauongeza kwenye kimtungi pale barazani kwangu. Eti anataka kujua jua la Busan linauivishaje. Kaniapisha nisiuonje mpaka aje na wa huku, aipime pamoja."

Mi-ran aliweka mkono mdomoni. Bok-nyeo alifungua kitambaa. Mchuzi ulikuwa mweusi, mzito, unang'aa. Alichovya kidole, akalamba, akachovya tena.

"Mama? Umeharibika?"

"Huyu mzee," alisema Bok-nyeo, na machozi na kicheko vikamtoka kwa pamoja. "Huyu mzee mbishi! Miaka yote ananidanganya anakwenda kumsalimia mtoto!"

"Si alikuwa akinisalimia pia!"

"Onjeni. Ni ule ule. Wa Busan unaringa kidogo tu."

Walicheka mpaka Mi-ran akalia. Waliusugua mtungi wa zamani kwa maji ya moto, wakauacha ukauke, kisha wakaumimina mchuzi ndani, wakibakiza wa supu. Bok-nyeo akaenda kwenye picha ya mumewe, akaifuta vumbi.

"Jibu lako hilo," alimwambia. "Wa Busan unafanana na wa hapa. Sasa njoo ule."

Nje kivuli cha wingu kikapita juu ya ua. Wanawake watatu walikurupuka kwa pamoja, wakagongana vichwa juu ya kifuniko.