Baba wa Benchini

Jina la Bwana Harusi kijana alilipatia mapokezini hospitalini asubuhi ile. Alikuwa na miaka kumi na saba, kavaa suruali ya shule, kamshika mkono msichana mwenye uchungu. Karani alimuuliza kama mgonjwa ni mdogo wake. Aliposema ndiye baba wa mtoto, wauguzi wakaangua kicheko, mmoja akamkaribisha: "Pita, bwana harusi." Jina likamganda kama kupe.

Mkunga wa zamu hakucheka, lakini hata kumtazama hakumtazama. Kijana alijaribu kumweleza kuwa tangu jana mtoto hachezi tumboni. Mkunga akamjibu kwamba uzazi si mambo ya watoto, akamwonyesha benchi, akaingia ndani na msichana pamoja na mama wa msichana, aliyefuatana nao.

Alipoweka kifaa cha kusikilizia tumboni, hakusikia kitu. Akahamisha, akasikiliza tena. Daktari naye akaja akasikiliza, akatikisa kichwa.

Saa nane mchana mtoto akazaliwa, wa kiume, hana uhai. Mama wa msichana akaambiwa, akalia, akatokea mlango wa nyuma kwenda kuwapigia simu ndugu. Mpaka mlinzi wa getini akajua. Aliyekaa benchini hakuambiwa na mtu.

Saa tisa na nusu msafishaji akamfuata mkunga, akasema kwa sauti ya chini, "Sista, yule kijana bado yupo. Kaniuliza mtoto ni wa kike au wa kiume."

Mkunga alijiona mtu mzima hovyo. Akatoka, akaketi benchini karibu na kijana.

"Baba," alimwita, "mtoto wako ni wa kiume. Amezaliwa akiwa ameshafariki. Mama yake yuko salama. Wewe ulijua kabla yetu, mimi sikutaka kukusikiliza. Nisamehe."

Kijana akauliza kama anaweza kumbeba mtoto.

Mkunga akampeleka kwenye chumba kidogo karibu na stoo ya mashuka. Kijana akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akauliza kichwa kinashikwaje. Mkunga akamwelekeza, kama anavyowaelekeza akina baba wote.

"Masikio yangu haya," kijana alisema. Kisha akalia, mdomo ameufumba.

Alipotulia, aliuliza kama mwenzake amemwona mtoto. Mkunga akamwambia bado. Bibi wa mtoto alikataa, akiamini binti yake atasahau upesi. Kijana akaomba ampeleke yeye. Mkunga mwenyewe akamfungulia mlango wa wodi. Mama wa msichana akasimama kuwazuia.

"Mama," mkunga alimwambia, "wazazi wake ni hawa."

Yule mama akasita, halafu akaachia kiti cha kando ya kitanda. Msichana akafunua kitambaa, akampapasa mtoto vidole, kimoja kimoja. Wakaanza kunong'onezana, na mkunga akasogea dirishani asiwasikie.

Zamu yake iliisha saa kumi na mbili. Hakuvua aproni mpaka kijana mwenyewe alipomwita, akasema sasa inatosha, wamchukue.